Wimbo wa kwanza ni shamba: wasanii wa Bunia wasivunwe bure

Ni vigumu kumpata mtu Bunia asiyejua wimbo "Jambo Bwana". Mtoto wa Mudzipela anaujua, mama muuza samaki wa soko kuu anaujua, na hata mgeni anayeteremka kwenye ndege bila Kiswahili chochote anajua maneno mawili yake. Lakini uliza nani aliutunga. Watu watatazamana.

Aliyeutunga ni Teddy Kalanda Harrison wa Mombasa. Bendi yake, Them Mushrooms, ilikuwa ya vijana wa magitaa ya umeme, ndugu wa nyumba moja na rafiki zao, waliokuwa wakipigia watalii katika hoteli za pwani ya Kenya. Mwaka 1982 wimbo huo ulitoka kwenye santuri, na mpaka 1987 nakala zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeuzwa. Bendi nyingi huzeeka bila kupata wimbo wa namna hiyo. Wao uliwafungulia mlango.

Kisha wengine wakaingia kwa mlango uleule. Mwaka 1983 Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani, likatoa wimbo huo kwa namna yake. Mombasa Roots wakaurekodi, Safari Sound Band wakaurekodi, Khadja Nin wa Burundi naye akauimba. Leo huko ng'ambo wako wengi wanaodhani ni wimbo wa jadi tu, kitu cha Afrika kisicho na mwenyewe. Na maneno "hakuna matata", yanayosemwa kila siku kutoka Mombasa hadi Bunia? Kampuni ya Disney ya Marekani iliomba mwaka 1994 kuyaandikisha kama alama yake ya biashara kwa ajili ya nguo, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi kupinga.

Sasa fikiri vizuri. Them Mushrooms walikuwa na kampuni ya santuri nyuma yao, na jina lao lilichapwa kwenye karatasi ya santuri. Hata hivyo, jina la mtunzi lilipotea njiani. Je, kijana wa Nyakasanza mwenye gitaa la kuazima na telefone ya skrini iliyopasuka atabaki na nini?

Njia ya wimbo wa Bunia inajulikana. Vijana wanachanga dola kidogo kidogo, wanalipa studio, wanapeleka wimbo redioni. Ukipendwa, unafika kwa wale wanaojaza nyimbo kwenye kadi za memori, unaingia WhatsApp, unapigwa kwenye baa na kwenye arusi. Mwenye kujaza kadi anapata franka zake. Mwenye baa anauza bia. Mwenye studio alishalipwa tangu mwanzo. Aliyetunga anabaki kusalimiwa barabarani.

Kuna lililo baya kuliko hilo. Inapofika siku ya kampeni ya amani, vijana walewale wanaitwa waimbe "kwa ajili ya jamii". Dereva aliyeleta wageni analipwa. Mafuta ya gari yanalipwa. Bango, viti, tisheti, chakula, usafiri wa washiriki, vyote viko kwenye bajeti. Muimbaji anapewa soda na makofi, halafu wimbo wake unaonekana kwenye video ya shirika bila jina lake.

Ukiuliza, jibu ni moja: amani si biashara. Ni kweli, amani si biashara. Basi kwa nini mwenye kukodisha spika haambiwi maneno hayo? Mtu asiyelipwa katika kazi inayowalipa wengine wote hajajitolea. Ametumiwa.

Wengine wanasema wimbo usiponakiliwa haujulikani. "Jambo Bwana" unajibu wenyewe: dunia nzima inaujua wimbo, lakini wangapi wanamjua mtunzi? Umaarufu wa wimbo bila jina la mwenyewe hauwashi jiko nyumbani kwake.

Familia zilizohama Djugu tangu mwisho wa 2017, zinazolala kwenye mahema ya Kigonze na kwingineko, hazihitaji kuelezwa jambo hili kwa maneno marefu. Zinajua maana ya kulima, kupanda na kupalilia, kisha kusikia kwamba mtu mwingine ndiye anavuna. Wimbo wa kwanza wa kijana ni shamba lake. Kwa kijana wa kambini, pengine ndilo shamba pekee alilobaki nalo. Alilia wafu wake ndani ya wimbo ule. Anayeuchukua bila kuuliza, hata kwa nia njema, amevuna asipopanda. Na anayewapanga watoto wa kambi waimbe mbele ya kamera ili watoa pesa waguswe, awaeleze kwanza wazazi video inakwenda wapi na kambi itapata nini.

Sheria si kwamba haipo. Congo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na shirika la SOCODA liliundwa mwaka 2011 kuzisimamia. Congo iko pia ndani ya Mkataba wa Berne, ambao unalinda kazi ya mtunzi hata kama hajaiandikisha popote. Kinshasa ni mbali, ndiyo. Lakini kuna mambo ambayo hayangojei Kinshasa.

Redio za Bunia zitaje jina la mtunzi kabla ya wimbo na baada yake. Redio za jamii ni maskini, lakini kutaja jina hakugharimu hata franka moja. Mashirika yaweke muimbaji kwenye bajeti, pamoja na dereva. Na vijana wenyewe waache uvivu: kabla wimbo haujatoka mkononi, waandike kwenye karatasi nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, tarehe gani, na faida itagawanywa vipi, kisha wote watie sahihi mbele ya shahidi. Bendi nyingi huvunjwa na ugomvi wa ndani kabla mwizi wa nje hajafika.

Wasikilizaji nao wana sehemu yao. Wimbo wa kijana wa hapa ukipigwa kwenye baa, kwenye gari au kwenye mkutano, ulizeni: huu ni wa nani? Mwenye kuupiga akishindwa kujibu, aone haya mbele ya watu.