Bomba kuukuu lisifukiwe tena ukutani

Nyumba kuukuu inayokarabatiwa katika Jiji la Arua, Uganda, eneo la Ayivu likiwemo, isipewe kibali kabla mabomba yake ya maji hayajakaguliwa kama yana madini ya risasi. Rangi na vigae vipya havimfai kitu mwenye nyumba anayekunywa sumu.

Risasi ndani ya maji haionekani, hainuki, haina ladha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, ambaye ubongo wake bado unakua. Kuchemsha maji, kinga yetu dhidi ya kipindupindu, hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, risasi huzidi kukolea.

Hatari imo pia katika lehemu ya viungo na koki za shaba za zamani. Tena fundi akikata kipande cha bomba la risasi na kuacha kingine, mtikisiko huweza kuongeza risasi majini kwa muda.

Wanaotoa vibali na wanaosambaza maji wapime maji kabla na baada ya ukarabati, wawafunze mafundi bomba, na waanze mwaka huu na shule na vituo vya afya.