Je, Tuitupe Sol-fa?

Bwana Mhariri, katika mkutano wa kwaya yetu uliofanyika kabla ya likizo yalisemwa maneno makali juu ya karatasi zetu za sol-fa. Mwenzetu mmoja alisimama akasema ati hizo ni nota za wazee, kwamba mtu aliyeelimika husoma nota za mistari mitano, na kwamba fedha tulizopata katika tamasha la shule zinunue vitabu vya mistari, na sol-fa ifutwe ubaoni isirudi tena. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa kengele ya chakula ililia kabla sijasema neno, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu.

Nianze kwa ajili ya wasomaji wasioimba. Njia za kuandika muziki ni nyingi, na kila moja ilitungwa na mtu aliyekuwa na shida yake. Yatupasa kuitazama shida hiyo kwanza, ndipo tuseme njia ipi ni bora. Mathalani, kiasi cha mwaka 1025 kule Italia alikuwako mtawa jina lake Guido wa Arezzo. Aliona vijana wa kwaya wakimaliza miaka mingi kukariri nyimbo za kanisa kwa kusikiliza tu, na bado wakikosea. Akaziweka sauti juu ya mistari, ili jicho lione pale sauti inapopanda na pale inaposhuka. Baadaye mistari ikatulia kuwa mitano, ikawafaa hasa wapigaji wa vyombo. Mpiga kinanda ana vidole kumi na vibonyezo vingi mbele yake. Akiona nota juu ya mstari fulani, ajua mara moja kidole kiende wapi. Nota ile humwonyesha mahali, na mahali pale hapahami.

Lakini mwimbaji hana vibonyezo kooni. Jambo hilo lilionekana na mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Bibi Sarah Glover, na baada yake mchungaji John Curwen, ambaye mwaka 1841 aliombwa na walimu wa shule za Jumapili atafute njia nyepesi ya kuwafundisha watu wa kawaida kuimba. Curwen aliichukua njia ya Glover akaitengeneza. Katika sol-fa, do ni kama nyumbani kwa mtu. Mwalimu aanzie juu au chini, hapo alipoanzia ndipo do, na so itabaki na undugu wake uleule na do, kama vile mjomba abakivyo mjomba hata familia ikihamia kijiji kingine. Kila sauti ina herufi yake: d, r, m, f, s, l, t. (Ya saba iliitwa ti badala ya si ili herufi s isigombaniwe na wawili.) Nukta mbili hutenga mapigo, kistari hushikilia sauti, nukta moja hukata pigo katikati. Basi! Hakuna zaidi ya hapo kwa mtu anayeanza.

Wenzangu wanaocheka sol-fa wafikiri juu ya jambo moja. Kila asubuhi tunapopanga mistari mbele ya bendera twaimba Mungu Ibariki Afrika. Sauti ya wimbo huo ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, na nyimbo zake aliziandika katika daftari kwa sol-fa. Hakuhitaji kiwanda cha kuchapa nota wala karatasi ya mistari. Herufi alizokuwa nazo za kufundishia watoto kusoma ndizo zilizobeba wimbo. Tanganyika iliufanya wimbo wa taifa mwaka 1961, na umedumu katika Tanzania hata leo. Nadhani nota za namna hiyo zastahili heshima kidogo katika chumba chetu cha kwaya.

Hata hivyo mwenzetu hakukosea kila kitu, nami sitaki kumshinda kwa hila. Sol-fa huchoka wimbo unapohama nyumba katikati, do ikawa nyingine kisha ikawa nyingine tena. Nayo haimfai mpiga kinanda wetu, maana yeye atafuta mahali pa vidole na sol-fa yampa undugu. Tena watunzi wengi wa kwaya za Kikatoliki nchini siku hizi huandika kwa mistari mitano kwa kompyuta, na nyimbo zao nyingi zapatikana katika mtandao wa Swahili Music Notes. Asiyeijua mistari atabaki mlangoni. Kwa hiyo wale watatu wanaopokezana kinanda chetu wajifunze mistari, na vitabu vichache vinunuliwe kwa ajili yao. Sisi wengine, tusio na kitu mkononi ila karatasi, tuachiwe sol-fa yetu. Mbona hilo lilete ugomvi?

Sasa nitaeleza kwa nini jambo hili laniuma. Likizo ya Desemba mwaka juzi nilikaa na bibi yangu, mama wa mama, kijijini upande wa Liuli. Katika ujana wake alikuwa mwimbishaji wa kioda, ile ngoma ya akina mama wa ziwani. Jioni moja tukichambua dagaa alianza kuimba, nami nikaenda kuchukua daftari. Kwa siku nne aliniimbia nyimbo kumi na moja. Niliandika maneno yote kwa makini, hata nikamwomba arudie pale niliposhindwa kusikia. Nilijiona mtafiti mkubwa. Bibi alifariki mwezi Machi. Nilipolifungua daftari lile, maneno yalikuwapo yote kumi na moja, na sauti nilizozikumbuka zilikuwa tatu. Nane zilizobaki nazisoma kama mtu asomavyo orodha ya majina. Nilikuwa najua sol-fa wakati ule! Nilikuwa nimeimba kwaya mwaka mzima. Haikunipitia akilini kwamba herufi saba za kwenye ubao wa kwaya zingeweza kuandika wimbo wa kioda, maana nilidhani sol-fa ni ya nyimbo za vitabuni tu. Kosa ni langu, sina wa kumlaumu.

Mtaniambia, "Ungemrekodi kwa simu." Ni kweli, na kama ningekuwa nayo ningefanya hivyo. Ila simu hupotea, huharibika, na hapa shuleni haturuhusiwi kuwa nazo. Isitoshe, simu hukupa kelele yote kwa pamoja. Ukitaka kujua sauti ya pili inakwenda wapi wakati ya kwanza inapopanda, utarudia kusikiliza mara ishirini, na mwisho utaitafuta penseli. Simu na penseli zasaidiana. Mwenye vyote viwili na avitumie.

Pia nakiri kwamba sol-fa isingeliandika kila kitu alichoimba bibi. Kulikuwa na sauti fulani aliyoipenda, si mi wala si fa, ilikaa katikati yao. Waarabu na Waturuki, ambao muziki wao umejaa sauti za katikati kama hizo, walipoanza kutumia mistari mitano ilibidi waongeze alama zao wenyewe. Nasi twaweza kuweka kialama juu ya herufi na kuandika pembeni maana yake. Wimbo wenye kasoro moja iliyotiwa alama ni heri kuliko maneno matupu.

Lakini pana mahali ambapo sol-fa na mistari mitano zote mbili hushindwa, na mahali penyewe ni hapa kwetu. Nasema juu ya mganda. Kila mtoto wa wilaya ya Nyasa ameona wanaume waliovaa kaptula nyeupe wamejipanga kama askari, na vibuyu vyao ambavyo mtu huimbia ndani yake, na ngoma kubwa ikiwaongoza. Ngoma hii ina undugu na beni na gwaride za askari wa wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na ng'ambo ya ziwa, Malawi, wanayo pia, pamoja na ndugu yake malipenga. Andika mganda kwa sol-fa, utapata wimbo wa vibuyu. Ngoma je? Ngoma haina do.

Alikuwako mmisionari mmoja, A. M. Jones, aliyekaa miaka mingi katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwaka 1945 alichapa makala juu ya mganda wenyewe. Alitengeneza hata chombo cha umeme ambacho wapigaji waligonga, na kila pigo likaacha alama juu ya karatasi inayotembea. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1959 aliandika ngoma za Afrika kwa nota za Kizungu, ila aliona kwamba kila mpigaji ana mwanzo wake, kwa hiyo mistari ya wima inayotenga vipimo hailingani kati ya mpigaji mmoja na mwenzake. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini kurasa zake ni ngumu mno, na sidhani kama mpigaji wa mganda angezitazama mara mbili.

Njia iliyo nyepesi zaidi ni ya visanduku. Mmarekani James Koetting aliieleza mwaka 1970 kwa ngoma za Afrika Magharibi, na kule Buganda nyimbo za amadinda huandikwa kwa tarakimu, 1 hadi 5, kila tarakimu kwa sauti yake. Mimi nilijaribu visanduku katika daftari la hesabu la mdogo wangu, lile lenye miraba. Chukua miraba kumi na miwili. Ngoma ya kwanza ipige katika mraba wa 1, 4, 7 na 10. Ya pili ipige katika 1, 5 na 9. Utaona kwa macho kwamba zakutana mara moja tu, mwanzoni, kisha kila moja yashika njia yake hadi zikutane tena. Jambo hili nilihangaika nalo masikioni kwa wiki nzima, na karatasi ikalionyesha kwa dakika moja. Namna ya pigo pia yaandikika: K kwa katikati ya ngozi, P kwa pembeni, na mraba mtupu ni kunyamaza, nao una thamani sawa na mwingine.

Wako wazee wasemao kwamba ngoma ikiandikwa hufa, maana mpigaji hodari habaki palepale. Sikatai. Nilimwuliza mpigaji mmoja wa kijijini kwetu, mzee sana, akacheka akasema kwamba hata yeye alifundishwa kwanza kipande kisichobadilika, kwa mdomo, na alipokishika barabara ndipo akaruhusiwa kuchezacheza nacho. Daftari litakishika kipande kile cha kwanza tu. Kuchezacheza tutajifunza kwake, maadamu yupo.

Naomba basi wanakwaya wakutane tena, na katika fedha zile watoe kiasi kidogo cha madaftari kumi ya miraba. Nimekwisha kuzungumza na mzee yule. Amekubali kutupigia ngoma kubwa polepole, pigo kwa pigo, siku mbili za kwanza za likizo, ila amesema tufike alfajiri, kabla hajakwenda kutoa nyavu.