Yai la kuangua halingoji trei ijae



Hivi karibuni tulifika kwenye koperative moja ya uwanda wa Ruzizi, upande wa Uvira, tukakuta mkutano umechafuka. Walikuwa wameingiza mayai 60 katika kuveze, ile mashini ya kuangulia. Siku ya 21 ikapita, ya 22 ikapita, na vifaranga vilivyotoka vilikuwa 19 tu. Kijana anayechunga mashini akaambiwa kwamba usiku analala na kuacha taa inazimika. Wengine wakasema ni jogoo, amezeeka. Mama mmoja aliyeleta mayai 12 alisimama akasema: «Haya mayai ningeyauzisha sokoni, mtoto angepata kaye za masomo. Mashini yenu imenikulia.» Hakuna aliyemjibu.

Sisi tuliuliza swali moja tu: mayai haya yalitagwa siku gani? Watu wakaangaliana. Hakuna aliyeandika. Kwa kuulizana mmoja mmoja, ikaonekana kwamba komite ilikuwa inakusanya mayai tangu siku 18, juu ya kanuni yao: mashini haiwashwi mpaka trei ijae. Kwa hiyo mayai ya kwanza yalingoja yale ya mwisho karibu majuma matatu, tena ndani ya kikapu kilichowekwa jikoni.

Maoni yetu tunayasema wazi: kijana hana kosa, na jogoo pengine hana kosa. Kilichoua vifaranga vile ni ile kanuni ya kungoja trei ijae.

Yai lenye mbegu ya jogoo si jiwe. Ndani yake kuna uhai uliokwisha kuanza tumboni mwa kuku, halafu ukasimama yai lilipotoka na kupoa. Uhai huo unaweza kungoja, lakini haungoji bila kuchoka. Kila siku yai linapoteza maji kidogo kupitia matundu madogo ya ganda, na ute wake mzito unakuwa mwepesi. Mpaka siku ya 7 hasara ni ndogo. Baada ya hapo inaongezeka kila siku. Yai la majuma mawili limeshapoteza nguvu nyingi, na la majuma matatu ni bahati nasibu. Tena yai lililokaa sana, hata likiangua, linachelewa. Ndiyo sababu mayai ya umri mbalimbali katika trei moja yanatoa vifaranga leo, kesho na kesho kutwa, na vile vya kwanza vinakauka vikingojea wenzao.

Joto nalo linakimbiza umri huo. Yai likikaa kwenye joto linalopita nyuzi 21 hivi, uhai unaanza kuamka kidogo kidogo, lakini joto hilo halitoshi kuukuza. Unaamka, unadhoofika, unakufa. Kule Walungu au Kabare, ambako usiku ni baridi, yai linavumilia zaidi. Uvira, ambako mchana joto mara nyingi linafika nyuzi 30, yai la siku 7 lililokaa jikoni si sawa na yai la siku 7 la mlimani. Mtu wa uwanda asingoje hata hizo siku 7 kama hana pahali pa baridi.

Tunajua mtasema nini, maana bibi mmoja alituambia palepale: «Mbona kuku wangu anataga mayai 12 siku nyingi, halafu ndiyo analala, na anaangua karibu yote?» Ni kweli, bibi. Lakini kuku wako anataga kwenye kivuli, chini, pahali pa ubaridi. Mayai yake hayatembei kwa pikipiki. Na kila anaporudi kutaga anayakalia kidogo yale ya zamani, anayapasha na kuyageuza, kisha anayaacha yapoe. Kikapu cha jikoni hakifanyi kazi hiyo.

Wengine watasema: kuwasha mashini kwa trei nusu ni kupoteza mafuta. Sisi tunajibu hivi: mafuta ya siku 21 yanaungua sawasawa, yai liwe zima au limekufa. Trei iliyojaa mayai yaliyokufa ndiyo hasara kubwa, maana mmepoteza mafuta na chakula pamoja.

Lakini jibu la kweli liko kwenye hesabu nyingine. Koperative ile ina wanamemba 20. Kama kila mmoja analeta mayai 3 yaliyotagwa juma hilohilo, trei ya 60 imejaa, na hakuna yai lililozeeka. Kumbe walioleta walikuwa wamama watano tu, kila mmoja amejikusanyia mayai 12 kwa siku nyingi. Wengine 15 walikuwa wanangoja vifaranga. Trei haikuchelewa kwa sababu kuku ni wachache. Ilichelewa kwa sababu watu waliokubali kuleta ni wachache. Huo si ushirika.

Kwa hiyo tunaomba komite zote zenye mashini zibadilishe mambo machache. Mpange juma moja la kukusanya, linalojulikana na wote. Kila yai liandikwe tarehe kwa kreyo, siku lilipotagwa, si siku lilipoletwa. Mayai yasioshwe. Yawekwe ncha kali chini, katika chungu kilichozungushiwa mchanga wenye unyevu, pahali pa kivuli, mbali na moto. Yakitoka safarini yapumzike usiku mmoja kabla ya kuingia mashini. Siku ya 7 ya kuangua, pimeni kwa torshi gizani. Yai linaloonekana jeupe tupu msikimbilie kumlaumu jogoo: livunjeni. Mkikuta duara ya damu, jogoo alifanya kazi yake, uhai ulikufa baadaye.

Na yai lililopita siku zake, mlikatae mlangoni. Tunajua ni vigumu kumrudisha mama aliyetembea saa mbili na kikapu kichwani. Lakini yai la siku 12 bado ni chakula, na likiwa zima bado linauzika. Ukimwambia ukweli leo, anakwenda nalo sokoni au anapikia watoto. Ukilipokea kwa haya, unamrudishia hasara baada ya siku 21, na siku hiyo ataacha kuamini koperative.

Yule mama wa mayai 12 tulimfuata nje baada ya mkutano. Hakutaka maneno mengi. Aliuliza tu: «Ningeleta mapema, yangeangua?» Tukamwambia mengi yangeangua. Akasema basi mara nyingine ataleta matatu, ila na wengine walete. Tunaona amesema kila kitu. Wanamemba wale 15 bado hawajamjibu.