Historia Yetu Isiishie Kilwa



Inapotajwa historia ya nchi yetu, mawazo ya wengi hukimbilia pwani. Si vibaya. Kilwa Kisiwani upo Msikiti Mkuu ulioanza kujengwa karne ya 11, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa hadi Australia, mwaka 1944. Anayeyajua hayo hawezi kudanganywa kwamba mababu zetu walikuwa wamelala wakisubiri wageni waje kuwaamsha.

Lakini hata mawe yanahitaji kutunzwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Sasa tujiulize sisi wa Bariadi: urithi wetu uko wapi? Wapo wasemao Simiyu haina historia kwa kuwa haina magofu. Kauli hiyo si sahihi. Watemi walitawala Usukuma hadi utawala wao ulipofutwa mwaka 1963, ila nyumba za huku zilijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Mvua na mchwa havisubiri wataalamu wa mambo ya kale. Kwa hiyo historia yetu imekaa katika ngoma, makaburi, majina ya vijiji na vifua vya wazee. Jiwe la Kilwa limesubiri mamia ya miaka. Mzee wa miaka 85 hatasubiri.

Nashauri hivi. Likizo ijayo, atakayepita Kisesa akielekea Mwanza aione Makumbusho ya Bujora, iliyohifadhi ngoma na vifaa vya watemi. Asiye na nauli aanzie nyumbani kwa daftari na kalamu. Amuulize babu au bibi: nani alianzisha kijiji hiki? Jina lake lina maana gani? Msikiti wa kwanza ulikuwa wapi? Aandike jina la msimulizi na tarehe. Wazee wawili wakipingana, aandike maneno ya wote wawili.

Kilwa tunaijua kwa sababu mawe yalibaki na msafiri aliandika. Huku kwetu mawe hayo hayapo. Basi waandishi wasikosekane.