Mizani ya Boroni Nayo Ikaguliwe

Mkulima wa Machame au Marangu apelekapo kahawa kwenye chama cha msingi, huitazama mizani kwa makini. Anajua kwamba mizani hukaguliwa kwa mawe ambayo uzito wake umekwisha kujulikana. Pasipo ukaguzi huo, jasho la mwaka mzima laweza kupunjwa. Lakini mkulima huyo huyo akipewa cheti cha maabara kisemacho kwamba udongo wa kihamba chake umepungukiwa na boroni, ni nadra kuuliza kipimo hicho nacho kilikaguliwa kwa jiwe gani.

Swali hilo si dogo. Mibuni huhitaji boroni kidogo mno, kiasi kinachohesabiwa kwa miligramu katika kilo ya udongo. Ikipungua, ncha za matawi hufa na majani machanga hutoka madogo, yamepotoka. Ikizidi kidogo tu, kingo za majani huungua. Tena huyeyuka kwa urahisi, hata mvua nyingi za miteremko ya Kilimanjaro huweza kuichukua. Namba yenye kosa yaweza kumfanya mkulima atie boraksi pasipohitajika, akaiunguza mibuni aliyotaka kuiponya.

Na makosa hayako mbali. Vyombo vingi vya maabara ni vya kioo chenye boroni ndani yake. Udongo ukichemshwa humo, kioo nacho huweza kuchangia, na namba ikapanda. Kinyume chake, asidi iliyoyeyushia mwamba ikikaushwa motoni, sehemu ya boroni huweza kutoroka na mvuke, na namba ikashuka. Mpimaji aweza kuwa mwaminifu kabisa, na jibu lake likawa si kweli.

Kinga yake ni sampuli rejea, yaani udongo, mwamba au kemikali iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa hata kiasi kilichomo kikathibitishwa. Wachunguzi wa isotopu za boroni hawathubutu kufanya kazi bila hiyo. Isotopu hizo ni mbili, ya 10 na ya 11, kwa takriban asilimia 20 na 80. Tofauti zitafutwazo ni sehemu chache katika elfu, nazo hutajwa kwa kulinganishwa na asidi ya boriki iliyotayarishwa Marekani, iitwayo SRM 951.

Wako wasemao kwamba hayo ni anasa ya nchi tajiri. Hawasemi kweli. Udongo wa Kilimanjaro wenyewe, ukikaushwa, ukasagwa, ukachanganywa vema na kupimwa na maabara kadhaa, waweza kuwa jiwe la mizani kwa wakulima wa mlima huo.

Mazoea haya yafaa yaanzie shuleni. Mwalimu wa kemia mjini Moshi aweza kuwapa wanafunzi kimiminika ambacho nguvu yake anaijua yeye peke yake, wakipime kwanza, kabla ya kile kisichojulikana na yeyote. Atakayekosea hapo atajifunza bila hasara. Anayekosea kwa mara ya kwanza juu ya cheti cha mkulima, hasara humlipisha mwingine.