KIFARU KIKUUKUU NA HESABU YAKE

Wako watu wachekao kila wasikiapo kwamba jeshi fulani linakitengeneza upya kifaru cha zamani badala ya kununua kipya. Cheko hilo halina maana. Chombo cha vita si kanzu ya sikukuu hata kionewe haya kwa kuwa kilivaliwa mwaka jana. Kifaru cha Kichina cha Type 59, kilichoigwa kutoka T-54 ya Kirusi, kilianza kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kikiwa na uzito wa tani 36 na mzinga wa milimita 100. Katika miaka ya 1980 Wachina wenyewe walikitia mzinga wa milimita 105. Vifaru vya nasaba hiyo vikaendelea kupewa vipimo vya leza, miwani ya kuonea usiku na deraya za ziada. Tanzania nayo ilipata vifaru vya aina hiyo kutoka China. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Lakini kutengeneza ni jambo moja, na kufaa ni jambo jingine. Twende Usambara tukajifunze.

Wazee wa Unguja waliisikia mizinga ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, alfajiri ya 20 Septemba 1914, ilipoiangamiza Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wetu. Julai 1915 Königsberg nayo ikaangamia katika Rufiji. Wajerumani hawakuiacha mizinga yake 10 iliwe na kutu. Waliitoa, wakaiundia magurudumu Dar es Salaam, wakapigana nayo bara. Waingereza nao wakaiopoa mizinga ya Pegasus, wakafanya vivyo hivyo. Leo mzinga wa kila meli umesimama Fort Jesus, Mombasa, mahasimu wawili ua mmoja.

Sasa tazameni mwisho wa kazi hiyo. Machi 1916 mzinga mmoja wa Königsberg ulipiga kutoka Kahe, katika njia ya reli ya Tanga na Moshi. Wajerumani walipolazimika kurudi nyuma hawakuweza kuuhamisha, wakauvunja kwa mikono yao wenyewe. Juni mwaka huo huo Waingereza waliingia Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Mzinga wa Kahe haukuwa na kasoro. Kilichokosekana ni namna ya kuuondoa. Na ile iliyoweza kuondoka ilikokotwa na nani? Ilikokotwa na Waafrika, katika matope na homa, ambao wengi wao hakuna aliyejali kuandika majina yao. Silaha ilifanywa mpya, na uzito wake ukatwishwa mabega ya watu wasioulizwa.

Leo mwenye kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kwa njia nyembamba iliyobandikwa ubavuni mwa mlima, na ajiulize: tani 36 zitapita wapi hapa? Kifaru chataka gari la kukibeba, daraja la kukistahimili, mafuta, vipuri na fundi. Ukikibadilisha mtutu na usiyatengeneze hayo, umekipaka hina tu.

Wala wingi wa vifaru si ushindi. Idi Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 alikuwa na T-55 za Kirusi, na Sherman kuukuu za Kimarekani alizozipata kwa Israel kabla ya urafiki wao kuvunjika mwaka 1972. Havikumwokoa. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, na askari wetu wengi waliifikia kwa miguu.

Ndugu wanachama, hatusemi jeshi lisiwe na silaha. Nchi isiyojilinda huchezewa. Twasema kwamba kabla ya senti moja kutoka, yapasa maswali matatu yajibiwe. Kwanza, fundi ni nani? Kama kila msumari utangoja meli ya ng'ambo, basi kifaru ni chetu kwa rangi tu. Pili, kitapita wapi, na kwa adui gani? Tatu, nani alipaye, na hesabu ataiona nani?

Swali hili la tatu ndilo letu hasa watu wa visiwani. Ulinzi ni jambo la Muungano tangu 1964. Mkarafuu wa Pemba na mvuvi wa Nungwi wamo katika malipo hayo, hata kama kifaru hakitakanyaga mchanga wao. Basi wajumbe wetu walioko Bungeni wasiinue mikono kwa mazoea. Siri za vita zibaki siri. Bei si siri ya vita. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli Faina ikiwa na vifaru 33 vya T-72, ikielekea Mombasa. Serikali ya Kenya ikasema ni vyake. Habari nyingine zikasema vyaenda Sudan Kusini. Ni aibu iliyoje, raia kuipata habari ya vifaru kwa maharamia badala ya kuipata kwa wawakilishi wake!

Wahenga wetu wamekwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kifaru kikuukuu na kitengenezwe, ikiwa kitafaa. Lakini daftari lifunguliwe kwanza, nasi tulisome.