Dhoruba Isipite Bila Kupimwa

Mwanafunzi wa chuo cha maafisa hufundishwa mapema kwamba habari isiyotaja saa, mahali na upande si taarifa, bali ni uvumi. Tumezoea kuitumia kanuni hiyo kwa adui na kwa mhalifu. Leo twapenda kuwakumbusha askari na polisi walinzi wa mwambao wetu, kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, kwamba dhoruba nayo yastahili taarifa ya namna hiyo.

Ni kweli kwamba vimbunga vya baharini havitufikii. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto, na nguvu zao hupungua upesi vinapoingia nchi kavu. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia nchini Tanzania tarehe 4 Mei 2024, kilififia huko huko pwani. Lakini mwaka huo huo Ziwa Tanganyika lilipanda hata likafurika katika bandari ya Bujumbura na kuingia katika nyumba za watu wa Rumonge. Ziwa likisimama juu namna hiyo, wimbi ambalo zamani lililowesha mchanga tu hugonga ukuta wa nyumba. Tena, kila kiangazi, toka Mei hadi Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu ya ziwa kuelekea kaskazini, yaani kuelekea kwetu.

Hapana budi basi tujifunze kwa wenzetu waliokwisha kupata hasara. Mwezi Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliupiga upande wa kusini wa Florida, Marekani. Vipima-upepo vingi viliharibika kabla upepo haujafikia kilele chake. Wataalamu walibaki wakibishana juu ya nguvu zake, na ni mwaka 2002 tu, miaka 10 baadaye, kilipopandishwa rasmi kutoka daraja la 4 hadi daraja la 5, lililo la juu kabisa. Watu walikuwa wamekwisha kujenga upya kabla jibu halijapatikana. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Tangu hapo wataalamu wa Marekani wameongeza juhudi za kupeleka vipimo mahali dhoruba inapotua. Chuo Kikuu cha Florida hutumia milingoti ya mita 10 inayovutwa na magari. Chuo Kikuu cha Texas Tech hutumia vipimo vya miguu mitatu ambavyo watu wawili huvisimamisha kwa dakika chache. Wengine huenda na rada iliyopachikwa juu ya lori. Hata hivyo, funzo kubwa kwetu si ubora wa vyombo hivyo bali ni mpango. Kila kikundi kikienda kipendako, vyote vitarundikana katika barabara moja na kuacha kilomita nyingi za pwani bila jicho. Kwa hiyo hugawana pwani, saa zao hulinganishwa, na kimo cha kila kipimo hujulikana. Kazi ikiisha, chombo hubaki na mtu huondoka kabla dhoruba haijafika.

Sisi hatuna malori ya rada. Tunacho kitu kingine chenye thamani: watu wenye nidhamu, waliopangwa mwambaoni usiku na mchana, wenye redio za mawasiliano. Mti uliopigwa alama za sentimita na kusimikwa imara majini, saa iliyorekebishwa na daftari vyatosha kuanzia. Kituo cha Nyanza-Lac kikiandika saa upepo ulipogeuka na kimo cha maji, na kile cha Rumonge kikaandika vivyo hivyo, tofauti ya saa zao itaonyesha mwendo wa dhoruba. Dhoruba inayotoka kusini ikionekana kwanza Nyanza-Lac, wito mmoja wa redio waweza kumzuia mvuvi wa ndagala wa Rumonge asisukume chombo chake majini jioni hiyo.

Lakini kazi hii yahitaji amri moja. Jeshi likiandika kwa namna yake, na polisi kwa namna yao, tutakuwa na madaftari mengi yasiyolingana. Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, ndiyo yenye dhamana ya hali ya hewa. Yafaa iulizwe namna ya kupima, nasi tutekeleze. Askari hana haja ya kufasiri mawingu. Wajibu wake ni kuandika alichokiona, saa alipokiona. Asiyeona aandike kuwa hakuona, wala asikisie, kwa maana tarakimu ya uongo hupoteza zaidi ya ukurasa mtupu. Wala pasiwe na mtu wa kujitosa katika mawimbi kwa ajili ya kusoma alama.

Mlinzi wa mpaka hulala amevaa viatu kwa sababu adui hatoi ahadi ya siku. Ziwa nalo halitoi. Daftari na liwe wazi mezani kabla upepo haujavuma.